Tulivyousafisha Mto Gakira

Mimi ni mtu wa mdomo. Nalisema mwenyewe kabla hujaambiwa, maana watu wa huku kwetu, kwenye miteremko ya mlima juu ya mji wa Embu, hawatachelewa kukuambia. Nikikasirika nasikika mpaka ng'ambo ya mto. Lakini leo sijakasirika. Leo nataka kumshukuru jirani yangu Njiru, na huwezi kumshukuru mtu vizuri bila kusema ulimkosea nini. Kwa hivyo nitasema yote, na anayetaka kucheka acheke.

Jina langu ni Wambeti, lakini wengi wananiita Mama Munene. Nina kahawa kidogo, ng'ombe wawili, na nina daftari la mto. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mimi na rafiki yangu Ciku tunavaa buti na kuteremka mpaka kivukoni, mahali watu wanavukia mto Gakira. Ciku anashika wavu. Mimi nasimama mbele yake, upande maji yanakotoka, nasukasuka mawe kwa miguu dakika mbili nzima, na wadudu waliojishika chini ya yale mawe wanaachilia na kuingia wavuni. Tunawamwaga kwenye trei nyeupe yenye maji, tunawatambua mmoja mmoja, halafu tunawarudisha kwao.

Aliyetufundisha ni Lenah, msichana wa chama cha watumiaji maji, anayeishi mtaa wa Dallas kule mjini Embu na kuja kwetu kwa pikipiki. Siku ya kwanza alituambia, "Maji yanaweza kukudanganya. Yanaweza kung'aa na bado yana sumu. Mdudu hawezi kukudanganya. Ama yupo, ama hayupo."

Basi tukawajua. Kuna mwenye mikia mitatu, huyo hapendi uchafu hata kidogo. Kuna yule fundi anayejijengea nyumba ya changarawe, nyembamba, na kuishi ndani yake. Kuna kaa wadogo. Ukiwapata hao, mto ni mzima. Ukipata ruba na vinyoo vyekundu peke yao, mto unaumwa. Kila mdudu ana alama zake. Unajumlisha, unagawanya, unaandika. Mwaka huu Gakira yetu ilikuwa inapata saba kila mwezi, na mimi nilitembea na hiyo saba kama mama ambaye mtoto wake amekuwa namba moja.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penye kiini. Sisi watu wa Gakira tuna mapatano yetu na tumeyatia sahihi sote. Alama zikishuka chini ya tano, kiwanda cha kahawa kilicho juu ya hapo kinafungwa miezi mitatu mpaka mto upone. Na juu ya kivuko chetu kuna kiwanda kimoja tu, kidogo, cha Njiru. Miezi mitatu ni msimu wote. Kahawa ikiiva haingoji mtu: inachumwa asubuhi, inakobolewa jioni, la sivyo inachacha. Ukimfungia Njiru Oktoba umemmaliza, yeye na binti yake Linda na zile familia saba zinazompelekea kahawa yao.

Na mimi Njiru sikumpenda. Miaka mitatu iliyopita maji ya kiwanda chake, yale mekundu yanayonuka uchachu, yalimwagika mtoni na kuua kila kitu. Nilimpigia kelele wiki mbili mfululizo mpaka akachimba mashimo mawili ya kuyaweka. Alichimba, nikaona kwa macho yangu amechimba, lakini moyoni sikumsamehe. Kila nikipita kwake nilinusa hewa kwanza.

Mwisho wa Septemba tukaambiwa wageni wanakuja. Kamati za mito mingine, mpaka za Meru, pamoja na Lenah na mkubwa wake, wanataka kuona jinsi akina mama wa Gakira wanavyopima mto. Watafika Jumanne, siku tatu baada ya Jumamosi yetu ya kupima.

Sasa niambie, mgeni akija kwako unafanya nini? Unafagia! Hata kama una kuku arobaini uwanjani, unafagia. Mama yangu alikuwa anafagia mpaka nyuma ya choo. Nikawaita akina mama wa kanisa, tukawa kumi na wanne, na Alhamisi tukateremka kivukoni na mapanga, reki na majembe. Tuliondoa matawi yote yaliyoanguka majini. Tulizoa majani yaliyooza, karai baada ya karai. Tulikata yale manyasi marefu ya ukingoni. Mawe yaliyokuwa na utelezi tuliyasugua kwa brashi ya waya, yakang'aa. Sabuni hatukutumia, hilo tulifundishwa.

Halafu mimi, Wambeti, kwa akili yangu mwenyewe, nikapata wazo. Kulikuwa na chokaa iliyobaki tulipopaka kanisa. Nikasema tutoe yale mawe makubwa mtoni, tuyapange pande mbili za njia, tuyapake meupe, wageni wateremke kama watu wa heshima. Tulitoa zaidi ya mia. Tulipomaliza nilisimama pale juu nikatazama, nikasema, "Ngai! Hata uwanja wa Kinoru kule Meru, Rais akija, haupangwi hivi." Akina mama wakapiga vigelegele. Nilirudi nyumbani nikalala kama mtoto.

Jumamosi tukaenda kupima. Nilisukasuka, lakini miguu ilikuwa inagusa mchanga tu. Ciku akamwaga wavu kwenye trei. Tukainama. Tukangoja maji yatulie. Ruba wawili. Vinyoo vyekundu. Basi. Tukarudia, na tukarudia tena. Alama zikatoka mbili.

"Mbili?" Ciku akauliza.

"Mbili," nikasema, na damu ilikuwa imeshapanda kichwani. "Njiru ametuua."

Sikuvua hata buti. Kutoka kivukoni mpaka kwa Njiru ni hatua kama mia mbili, na nilizipiga nikipaza sauti kwa kila hatua. Nilimkuta anapaka grisi mashine yake, Linda kando yake na tochi. Nilimwambia mambo ambayo sitayarudia hapa, kwa sababu mchungaji wangu anasoma. Nilimwambia yeye ni muuaji wa mto, na kwamba alingoja wageni wakaribie ndipo atuaibishe.

"Mama Munene, kahawa bado haijaiva," Njiru akasema. "Mashine sijaiwasha tangu Januari."

"Hujaiosha?"

"Nimeiosha Jumatano. Maji yakaingia kwenye shimo. Njoo uone shimo."

"Shimo lako nalijua! Na wewe nakujua!"

Nikageuka. Nyumbani nikafungua daftari, nikaandika alama mbili, na kwenye mstari wa chanzo nikaandika kwa wino: "Kiwanda cha Njiru." Nikapiga picha, nikamtumia Lenah. Lenah akapiga simu hapo hapo. "Woi, Mama! Kwani kuna kitu kimebadilika hapo kivukoni?"

"Hakuna," nikasema. "Kumebadilika Njiru tu."

Akasema basi, kama ni hivyo, mapatano ni mapatano. Jumanne kiwanda kitafungwa mbele ya wageni.

Jumapili habari ilikuwa imefika kanisani kabla yangu. Watu walimsalimia Njiru kwa ncha za vidole. Wawili katika wale wa zile familia saba walikuwa wameanza kuulizana watapeleka kahawa wapi. Na mimi, Mungu anisamehe, niliimba kwa sauti kubwa kuliko siku zote.

Jumatatu asubuhi nikiwa nakamua ng'ombe, nikasikia hodi. Ni Njiru. Hakukaa. Alishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Wambeti," akasema. Hakuniita Mama Munene. "Miaka mitatu umenitukana na nimenyamaza, kwa sababu mara ya kwanza ulikuwa na haki. Leo nataka kitu kimoja. Lete wavu wako. Pima mto juu ya kiwanda changu, halafu upime chini ya kiwanda changu, palepale mashimo yangu yalipo. Ukikuta ni mimi, nitafunga mwenyewe, sitangoja kesho."

Nikafurahi! Nikaona amejichimbia kaburi. Nikamwita Ciku, tukaenda.

Juu ya kiwanda: mikia mitatu tele, kaa watatu, mafundi wa changarawe. Saba. Nikasema sawa, huko juu hakuna ubaya, twende chini. Tukaingia mtoni hatua kumi chini ya mashimo yake. Nikasukasuka kwa hasira zangu zote. Ciku akamwaga. Mikia mitatu ilikuwa inakimbia kwenye trei mpaka sikuweza kuihesabu. Saba na nusu.

Njiru alikuwa amesimama ukingoni, ametazama pembeni, na Linda amemshika mkono.

Tukateremka polepole kuelekea kivukoni, tukichota kila hatua hamsini. Kote wazima. Mpaka tulipofika mahali usafi wetu ulipoanzia. Hapo wavu ukatoka mtupu. Nikasimama ndani ya maji. Maji yalikuwa maangavu, mchanga umelala vizuri, hakuna jani, hakuna tawi, hakuna jiwe.

"Wambeti," Ciku akaniita kwa sauti ndogo. Alikuwa amepanda njiani na kuinama kwenye mawe yetu meupe. Alikuwa ameligeuza moja. Upande wa chini, ambako chokaa ilikuwa imetiririka kidogo tu, kulikuwa na vijumba vya changarawe, vimeshikamana na jiwe, vingine vimepakwa meupe kabisa. Nikachukua kimoja nikakibonyeza kwa kidole, kikapasuka. Ndani yule fundi alikuwa amekauka.

Tukageuza jingine. Na jingine. Zaidi ya mawe mia, na kila jiwe lilikuwa mtaa mzima wa watu waliokuwa wanaishi kwao. Tuliwatoa majini, tukawapaka rangi, tukawapiga picha. Yale majani yaliyooza tuliyozoa ndiyo yalikuwa chakula chao. Woi, nilikaa chini palepale kwenye njia.

Njiru akateremka akaangalia. Akaokota jiwe, akalitazama chini, akanitazama mimi. Akacheka mara moja, kicheko kikavu, halafu uso ukabadilika.

"Msimu wangu mzima," akasema. "Mngenifungia msimu wangu mzima kwa sababu ya chokaa."

Ciku ndiye aliyejaribu kuniokoa, rafiki yangu mwema. Akasema labda tuandike kwamba ni mvua, mafuriko yamewabeba.

"Mvua gani?" Njiru akamuuliza. "Vumbi lote hili?" Kisha akanigeukia. "Mama Munene, wewe andika yale uliyoyaona. Mengine ni ya kesho." Nikafungua daftari palepale mbele yake, nikakata jina lake kwenye mstari wa chanzo, nikaandika langu.

Nilidhani sasa atakwenda mjini kumtafuta Lenah, atanitangaza sokoni, na angefanya hivyo ningesema ni haki yake. Alivua koti. Nikaanza kulisukuma jiwe moja jeupe kulirudisha mtoni, na akanipigia kelele, mara ya kwanza kumsikia akipiga kelele. "Wacha! Lina chokaa, utawachoma hata hao ruba. Kaa hapo."

Akapanda kwake. Baada ya muda nikasikia mawe yanagongana. Njiru alikuwa anabomoa ukuta wake wa mawe, ule aliojenga kuzuia shamba lisimomonyoke, aliojenga kwa mikono yake, na Linda anayapakia kwenye toroli. Wakateremsha toroli ya kwanza. Wakateremsha ya pili. Mimi na Ciku tukaingia majini tukawa tunapokea na kupanga, si kwa mstari safari hii, bali ovyoovyo kama mto unavyopenda. Saa nane akaja na gunia linalotiririka maji. Alikuwa amelijaza majani yaliyooza kutoka upande wake wa mto, majani yenyewe na waliomo ndani yake. Tulilimwaga taratibu katikati ya mawe. Nikaona mwenye mikia mitatu akijivuta chini ya jiwe la ukuta wa Njiru, akaingia kana kwamba amepewa ufunguo. Nililia, na sikujificha.

"Usilie majini," Njiru akasema. "Chumvi."

Jumanne wageni wakafika, magari manne. Tulikuwa tumewapikia nduma na chai. Waliteremka kwa ile njia ya mawe meupe, maana sikuwa na muda wa kuyaondoa, na unajua walifanya nini? Walisifu! Mwenyekiti wa kamati moja ya kutoka Meru, Mzee Mbaabu, mtu mwenye kofia nzuri na sauti ya kupendeza, alisimama katikati akatoa simu. "Aisee, huu ndio mfano," akawaambia wenzake. "Wiki ijayo na sisi tunatoa mawe yetu, tunapanga hivihivi." Wenzake wakaanza kupiga picha.

Nilikuwa nimepanga kusema polepole, baada ya chai, kwa maneno ya kuzunguka. Lakini nilipoona zile simu zimeinuliwa, niliona mito yao yote imeisha wadudu kwa ajili yangu.

"Futeni hizo picha!" nikapaza sauti. Kila mtu akageuka. Antony, mkubwa wake Lenah, alikuwa amebeba kikombe, akabaki nacho hewani. "Futeni, nawaomba. Hayo mawe si urembo, ni makaburi." Nikachukua jiwe, nikaligeuza, nikawaonyesha vile vijumba. Nikawaambia siku, nikawaambia saa, nikawaambia chokaa ilitoka wapi na wazo lilitoka kwa nani. Nikasema nilimsingizia Njiru kwa wino, na kwamba mto wake una alama saba na nusu, na kwamba jana alibomoa ukuta wake mwenyewe kuziba aibu yangu. Akina mama wenzangu walikuwa wameinamisha vichwa. Nikawaambia wasiiname, mimi ndiye niliyewaita.

Mzee Mbaabu alifuta picha zake taratibu, moja baada ya nyingine.

Lenah alikuwa na machozi. Antony akaweka kikombe chini, akatoa nakala ya mapatano, akasoma kwa sauti ya mtu asiyependa kusoma: kiwanda cha Njiru hakina kosa, kitafanya kazi. Na aliyeharibu mto, awe yeyote, anaondolewa kwenye kazi ya kupima. Ni maneno ambayo niliyashikilia mimi mwenyewe siku tulipoyaandika, nikimfikiria Njiru.

Nikaweka daftari mezani, kando ya sahani ya nduma. Miaka minne ya Jumamosi. Sikuteta.

"Nani atalichukua?" Antony akauliza.

Halafu nikamsikia Njiru akikohoa. Alisimama nyuma kabisa, kofia mikononi.

"Mimi ndiye nilikuwa nafungiwa, kwa hivyo naomba nisikilizwe," akasema. "Huyu mama ana mdomo mbaya. Jumamosi amenitukana mbele ya mtoto wangu, na hilo bado sijalimaliza na yeye. Lakini miaka mitatu iliyopita, bila huo mdomo nisingechimba mashimo, na leo ningekuwa naua mto huku nikilala usingizi. Na jana angeweza kuandika mvua. Aliambiwa aandike mvua. Ameandika jina lake." Akaelekeza kofia kwenye daftari. "Mnatafuta mtu wa kupima mto. Mnamjua mwingine anayeweza kujiandika mwenyewe? Mimi ndiye niliyekosewa, na mimi nasema arudishiwe."

Antony akawatazama wageni, wageni wakamtazama Mzee Mbaabu, na Mzee Mbaabu akainua mkono wake juu kabisa. Kisha mikono yote ikapanda. Lenah akalichukua daftari akanipa, na nililipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto kanisani.

Wageni walipoondoka nilimfuata Njiru. Nilikuwa na hotuba nzima kifuani. "Baba Linda," nikaanza, "nataka kukuambia asante—"

"Kahawa ya juu imeiva mapema," akasema. "Kesho naanza kuchuma na vibarua wawili wamenihama kwa sababu ya maneno yako. Asante njoo nayo kesho, uje na debe."

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kwenye mstari wa kwanza, Ciku kwenye wa pili, na nyuma yetu akina mama kumi na wawili wa chokaa. Tulichuma mpaka vidole vikawa vyekundu. Jioni tukabeba magunia mpaka kiwandani, Linda akavuta kamba, na mashine ikaanza kunguruma, ileile niliyotaka inyamazishwe msimu mzima. Nilikaa juu ya gunia tupu nikaisikiliza. Nilimshukuru Mungu kwamba inanguruma, na nikamshukuru Njiru, kwa sauti kubwa ili anisikie juu ya ile kelele, na safari hii alinisikia akaitikia.